Nyumba Arobaini na Moja za Tuta la Cusuco

Tuta la Cusuco, bonde la Mto Ulúa, Honduras
11 Januari

Kwenu wachora ramani,

Siwajui nanyi hamnijui, kwa hiyo salamu nitazifanya fupi: mwanangu mzima, mimi mzima, mama yangu hayupo. Hilo la tatu ndilo lililonikalisha chini niandike.

Naitwa Nolvia Argueta. Nina miaka ishirini na miwili, shule niliacha darasa la sita, basi mkikuta nimekosea mahali someni tu mpite. Profe Osiris, mwalimu wa shule tunakolala tangu mafuriko, ndiye aliyenipa anwani yenu na kunitilia bando kwenye simu. Anasema ninyi ni watu wa nchi nyingi mnaochora ramani bure, ramani isiyo na mwenyewe, kila anayetaka anaichora na kila anayetaka anaitumia. Anasema waokoaji wa boti waliitumia ile Novemba.

Najua waliitumia, niliiona mikononi mwao. Siku ya kwanza boti ilifika hadi kanisani, ikageuza. Sisi wa kwenye tuta, lile la udongo la kuzuia mto, tulikuwa juu ya tangi la maji la saruji, tunapunga shuka kwenye ile mvua, na tukaiona inatupa mgongo. Ilirudi siku ya tatu. Nikamuuliza yule bwana kwa nini aligeuza. Hakuwa mkali. Alinionyesha simu yake: hapa kanisa, hapa barabara, na baada ya kanisa ni kijani kitupu. Akaniambia, "Mama, hapa inasema ni migomba. Hakuna anayetumwa na boti kwenda kuokoa migomba."

Sasa sikilizeni. Profe anasema mwezi wa nane aliifungua ramani hiyohiyo darasani na nyumba zetu zilikuwepo, arobaini na moja, wanafunzi walizihesabu kwa sauti. Kwa hiyo hatukusahauliwa. Tulifutwa. Kuna mtu alikaa mahali, akanyoosha kidole, akatufuta.

Nipeni jina lake. Nguo msilete, tumeshaletewa hadi makoti ya theluji. Nataka jina tu.

Nolvia


Girona, Hispania
13 Januari

Nolvia mdogo wangu,

Barua yako ilizunguka kwenye kundi letu lote, na kwa kuwa mimi ndiye Mhonduras pekee wamenikabidhi mimi nijibu. Pole sana kwa mama. Sina neno linalotosha hapo, na sitajifanya ninalo.

Naitwa Delmy Castellón. Niko huku mwaka wa tisa, natunza bibi mmoja wa miaka tisini na mbili. Akishakula mchana hulala, na saa hizo mbili ndizo zangu. Wenzangu hutazama tamthilia, mimi huchora ramani. Nilizaliwa Kambi Tisa, upande wa pili wa mto wenu, katikati ya mashamba ya ndizi. Baba alikata mikungu miaka thelathini. Basi nikichora bonde letu huwa najisikia nimekwenda nyumbani bila kupanda ndege.

Kuhusu hilo jina, nitatafuta. Ramani hii hupitiwa na mikono mingi, na wengi wana nia njema. Nipe muda.

Kwa sasa wewe jifunze kuchora, kwa sababu mwezi wa sita mvua zinarudi na hazitangojea tumalize kulaumiana. Fungua akaunti. Ikuze picha mpaka uone paa la shule. Gusa pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, rudi pale ulipoanzia. Andika ni kitu gani. Hifadhi. Ukikosea, chagua ulichochora na ukifute. Ni hivyo tu, wala haihitaji shule kubwa.

Nibusie mtoto. Hujanitajia jina lake.

Delmy


Tuta la Cusuco
29 Januari

Dada Delmy,

Anaitwa Keidy. Ana miezi tisa na meno mawili, na ameshachora nyumba. Nilikuwa nimempakata nikijifunza kama ulivyonielekeza, akagonga kidole kwenye simu, tukapata nyumba katikati ya mto. Nilicheka mpaka wanawake wanaolala darasa la pili wakaja kuangalia. Ndiyo mara ya kwanza tangu Novemba. Halafu nikaifuta, na nilipoona inavyofutika kirahisi, kicheko kikanikauka.

Nimechora shule, kisima na lile tangi. Tuta lenyewe sijaligusa, kule sasa ni matope na vibanda vya miti iliyoegeshwa, watu ndio kwanza wanaanza kurudi. Profe ananiita mhandisi. Ananitania, lakini nimependa.

Sasa nikwambie ya tangi, ili ujue ninachokudai unitafutie. Mama aliitwa Hortensia, watu walimwita Tencha. Aliuza tortilla za mahindi. Alikuwa na sukari, alijidunga sindano asubuhi na jioni, na sindano zake zilikwenda na maji pamoja na jiko. Siku ya kwanza alikuwa anatupigia hadithi kule juu, anamwambia Keidy kwamba mto umekuja kununua tortilla na haukuleta chenji. Boti ilipogeuza nilimwambia, "Imekwenda kuchukua wengine, inarudi." Siku ya pili mchana aliacha kunijibu. Boti ilipokuja siku ya tatu nilimpitisha Keidy kwanza, halafu mama, amefungwa kwa ile shuka tuliyopungia.

Siku mbili, dada. Kilichotutenga na boti ni siku mbili, na siku hizo mbili zina mwenyewe.

Nami nadhani namjua. Don Rutilio, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Ana nyumba ya ghorofa pembeni mwa kanisa na duka chini yake. Mwezi wa tisa alipeleka karatasi manispaa kwamba watu wa tuta tuondolewe, tunalichimba, tunaliharibu. Ana kompyuta. Na nyumba yake kwenye hiyo ramani ipo, imeandikwa hadi jina la duka.

Niambie kama ni yeye. Neno moja tu: ndiyo.

Nolvia


Girona
2 Februari

Nolvia,

Usifanye kitu. Nakuomba kama dada yako. Bado naangalia, na bibi wiki hii ana kifua, sijapata nafasi.

Niambie jambo moja. Nyumba zenu za kwenye tuta ziliezekwa kwa nini? Bati? Na zilikuwa za rangi gani ukizitazama kwa juu?

Delmy


Tuta la Cusuco
9 Februari

Dada Delmy,

Unauliza maswali ya mtu wa manispaa. Lakini sawa.

Bati lilikuwa kwa watatu wanne. Sisi wengine tuliezeka kwa mifuko ya ndizi, ile ya bluu wanayoivisha mikungu shambani. Wakimaliza kuvuna wanaitupa kwenye mifereji. Mama aliiokota, akaifua kwa sabuni mara tatu ile dawa itoke, akaichana, akaishona kwa uzi wa nailoni tabaka nne. Haikuvuja hata tone. Watu wakaona, wakaja kuomba wafundishwe, na mwisho tuta zima likawa la bluu. Alikuwa akisema sisi ndio tunaoishi karibu na mbingu. Mtu akipita na baiskeli anasema, "Doña Tencha, leo mbingu yako ina kiraka." Naye anamjibu, "Na wewe suruali yako, mbona hatusemi."

Unaulizia nini rangi?

Jina hukuniletea, basi nimejichukulia mwenyewe. Jumapili watu wakiwa ibadani nilikaa nje na simu nikaifuta nyumba ya don Rutilio. Ghorofa, duka, jina, vyote. Mahali pake nimechora zizi la nguruwe. Umenifundisha vizuri, pembe nne safi. Halafu walipotoka kanisani nikasema mbele ya watu wote kwamba ndiye aliyetufuta, na mama yangu alikufa kwa kidole chake. Aligeuka akaingia dukani.

Tangu hapo hakuna mtu wa tuta anayenunua kwake. Mkewe akisalimia, watu wanatazama chini. Juzi lori la soda, dereva mgeni, lilizunguka mara tatu na kuondoka. Ramani yake ilimwambia hapo panafugwa nguruwe. Na leo asubuhi dirisha lake la juu limevunjwa kwa jiwe. Si mimi. Lakini sikusikitika.

Sijalala vizuri hivi tangu Novemba, dada.

Nolvia


Girona
10 Februari

Nolvia,

Si don Rutilio. Mrudishie nyumba yake leo, kabla hujamaliza kuisoma hii.

Ni mimi.

Mwezi wa kumi kundi letu liliombwa kusafisha ramani ya bonde kabla ya msimu wa mafuriko, kuondoa vitu vilivyochorwa ovyo. Zamu ya eneo lenu nikaichukua mimi, niliitaka. Nikakuta pale kwenye tuta mtu wa mbali, mwanafunzi wa Korea, amechora nyumba arobaini na moja. Nikakuza picha. Nikaona bluu. Nikacheka, Nolvia. Niliwaambia wenzangu: huyu mgeni anadhani mifuko ya ndizi ni nyumba. Mimi nimekua chini ya ile mifuko, nikiwa mdogo nilimpelekea baba chakula katikati yake, bluu ile naijua kuliko sura yangu. Nikazifuta zote kwa mara moja, na kwenye maelezo nikaandika: "Si nyumba. Ni mifuko ya migomba. Nimezaliwa huko, najua."

Yule mgeni aliona nyumba zenu kwa sababu hakujua kitu. Mimi nilijua, na nikaona migomba.

Nilipoisoma barua yako ya kwanza nilijua kwamba nilipita hapo. Nilijiambia labda kuna mwingine amepita baada yangu. Nikaenda nikaangalia, hakuna mwingine. Nikaangalia tena kesho yake kana kwamba lingeweza kubadilika. Nilikuuliza rangi nikitumaini utasema bati.

Sikuombi unisamehe. Nitafunga akaunti yangu, sitagusa ramani tena maisha yangu yote. Kama kuna lingine unalotaka nifanye, sema, lolote.

Delmy


Tuta la Cusuco
21 Machi

Delmy,

Sijaandika wiki sita kwa sababu kila nilichoandika nilikifuta. Naona ni kazi tuliyojifunza wote wawili.

Siku nilipoipata barua yako nilikwenda kuhakikisha. Mpwa wa profe alinionyesha: kuna kitufe kidogo chini kabisa, ukikigusa ramani inakutajia kila aliyegusa mahali hapo, na lini, na alisema nini. Kambi Tisa, jina unalochorea. Tarehe kumi na saba Oktoba, saa tisa alasiri. "Nimezaliwa huko, najua." Kwa hiyo ramani haikunificha kitu hata siku moja. Ulinifundisha kuchora, ulinifundisha kufuta, ulinifundisha kuandika majina ya barabara. Kitufe hicho kimoja ndicho hukunifundisha.

Kukosea nakuelewa. Kama ungeniambia tarehe kumi na tatu Januari, labda ningelia nikakuelewa. Lakini uliniacha nimchukie mtu mwingine kwa chuki iliyokuwa yako, na ukawa unaniita mdogo wako.

Don Rutilio nilimrudishia ghorofa siku hiyohiyo. Halafu nikaenda kwake, Keidy mgongoni, nikasimama mbele ya duka nikamwambia nilikosea, na Jumapili nikalirudia kanisani mbele ya walewale. Alinisikiliza huku anapanga sabuni. Akasema, "Nilitaka muondoke kwenye tuta, ndiyo, na bado nataka. Lakini nilitaka muondoke mkiwa hai." Akampa Keidy biskuti. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama nguruwe wake wameshaondolewa, maana soda zimemwishia. Aibu niliyoona siku ile pia nimeiweka kwenye upande wako.

Unasema utafunga akaunti. Hutafunga. Huko ni kukimbia, na mimi sina pa kukimbilia, kwa hiyo na wewe usiwe napo. Jina lako litabaki chini ya kile kitufe kila mtu alione.

Adhabu yako ni hii. Watu wamerudi kwenye tuta, wanajenga. Hizo picha zenu za juu ni za zamani, hutaona kitu humo isipokuwa matope. Kwa hiyo hutatazama. Kila siku nitakuletea nyumba moja: hatua ngapi kutoka tangi, hatua ngapi upana, mlango unaangalia wapi, nani analala ndani. Wewe utachora kwa neno langu, bila kuona. Siku arobaini na moja. Hutanijibu, hutaniuliza habari za mtoto, hutaniita mdogo wako. Utachora tu.

Nolvia Argueta


Girona
22 Machi

Nolvia,

Leta ya kwanza.

D.


23 Machi

Nyumba ya 1. Kutoka tangi hatua kumi na nne kuelekea kanisani. Hatua nne kwa tano. Mlango unatazama mto. Anaishi doña Mirtala na wajukuu watatu. Mguu wake wa kushoto haukunjiki, kwa hiyo boti ikija isogee hadi ukutani. Liandike hilo la mguu.


8 Aprili

Nyumba ya 17. Hatua ishirini na mbili kutoka ya 16. Paa nusu bati, nusu turubai. Hapa wanaishi mume na mke ambao hawasemeshani tangu Krismasi kwa sababu ya chungu cha nacatamal, mahindi ya sikukuu, kilichoungua, kwa hiyo ukiandika idadi ya watu andika wawili, lakini waokoaji waite mara mbili, kila mmoja atasubiri mwenzake aitike.

Ile ya 16 umeichora pembe imetokeza barabarani. Irudie.


1 Mei

Nyumba ya 40. Hatua tisa kutoka ya 39. Ndogo, tatu kwa tatu. Ni ya binti aliyejifungua wiki iliyopita. Mtoto hajapewa jina. Akipewa nitakwambia, ulitie.

Jana waokoaji walikuja kufanya mazoezi kabla ya mvua. Yule bwana wa Novemba alikuwemo. Alitembea tuta zima ameshika simu, akisimama kila mlango na kusoma: hapa doña Mirtala, mguu wa kushoto; hapa wawili, waite mara mbili. Watu walikuwa wanatoka nje kusikiliza wanavyosomwa. Nakwambia ili ujue kazi imepokelewa. Usijibu.


Girona
3 Mei

Nolvia,

Najua uliniambia nisijibu. Nimezichora arobaini. Jana nilikaa na simu kuanzia bibi alipolala mpaka alipoamka na kuniita, na leo hivyohivyo. Nyumba ya arobaini na moja haijafika.

Nilidhani labda bando limekuisha. Halafu nikadhani labda ni ile ya mama yako, na haijajengwa tena. Kama ni hivyo niambie nitakayoweka pale. Siwezi kuliacha hilo pengo, nakwenda kulitazama kila saa.

Delmy


Tuta la Cusuco
4 Mei

Delmy,

Bando lipo. Nilitaka ungoje boti siku mbili.

Nyumba ya arobaini na moja imejengwa. Hatua sita kutoka ya arobaini, nne kwa sita, mlango unatazama tangi. Ndani nalala mimi na Keidy, ambaye tangu Jumanne anatembea akishika ukuta, na ukuta huo nimeupigilia misumari mwenyewe. Tortilla nauza mimi sasa. Don Rutilio hununua ishirini kila asubuhi, na kila asubuhi ananiambia za Tencha zilikuwa laini zaidi.

Hiyo hutaichora. Nimeshaichora, leo asubuhi, pembe nne, Keidy amelala. Ukigusa kile kitufe sasa utasoma Kambi Tisa, aliyefuta, na juu yake Nolvia Argueta, aliyerudisha. Nataka majina yetu yakae hivyo pamoja, mpaka huyu mtoto ajue kusoma na aniulize Kambi Tisa ni nani. Nitakachomjibu bado sijakijua. Ana miaka mitano sita hivi ya kunipa nifikirie, nawe unayo hiyohiyo.

Bati tulipewa na wafadhili, jipya, linang'aa. Nimeliezeka. Halafu nimekwenda mferejini nikaokota mifuko ya ndizi, nikaifua mara tatu, nikaishona tabaka nne kama alivyokuwa akishona yeye, na nikaitandaza juu ya bati nyumba nzima. Haina kazi yoyote pale juu, mvua haihitaji. Ni ya kwako. Profe anasema picha mpya za kutoka juu zitatoka kabla ya mwaka kwisha. Zikitoka, bibi akishalala, ikuze mpaka uone bluu.

Nolvia, binti wa Tencha